Matone ya vitamini A si ya macho pekee: Usiiache kliniki mtoto akitimiza miezi 18

KAMA una mtoto wa chini ya umri wa miaka mitano nyumbani, nina ombi moja kabla hujaendelea na makala haya. Kitafute kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa kliniki. Fungua ukurasa wa vitamini A, kisha uhesabu tarehe zilizoandikwa hapo.

Ratiba yetu hapa Kenya si ngumu. Mtoto hupewa dozi ya kwanza akiwa na miezi sita, halafu nyingine kila baada ya miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Ukipiga hesabu utaona kwamba ni dozi tisa kabla hajaisherehekea siku yake ya kuzaliwa ya tano. Aliyefikisha miezi 18 anapaswa kuwa amepata tatu. Zinabaki sita. Hizo sita ndizo ninazozikosa katika vijitabu vingi ninavyoletewa hapa Kitengela. Mistari ya juu imejazwa vizuri kwa kalamu ya muuguzi, na mistari ya chini imebaki mitupu.

Sababu yake haijifichi. Chanjo ya pili ya ukambi hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Ikishadungwa, mzazi huona kazi imekwisha. Mama amerudi kazini katika viwanda vya EPZ kule Athi River, au amefungua kibanda chake Noonkopir, na hana nafasi ya kukaa kwenye foleni ya kliniki kwa ajili ya matone mawili matatu. Ukimuuliza atakujibu kwa mshangao: "Lakini daktari, si huyu alimaliza kliniki?"

Jambo linalonishangaza mimi ni lile linalofuata. Mzazi huyo huyo, mtoto anapopatwa na mafua mara ya tatu katika muhula mmoja wa chekechea, huja kuniomba nimwandikie "dawa ya kuongeza kinga". Asiponipata mimi, huenda kwenye duka la dawa na kuuziwa chupa ya sharubati yenye picha ya mtoto anayecheka, kwa bei inayoweza kununua pakiti kadhaa za unga. Anaacha dozi ya bure iliyothibitishwa kwa miaka mingi, na kununua chupa ambayo aghalabu mtoto wake haihitaji.

Maoni yangu ni haya: matone ya vitamini A ni sehemu ya kinga ya mtoto, na tunakosea tunapoyachukulia kama kiambatisho cha chanjo kinachoweza kuachwa. Kosa hilo limechangiwa na sisi wahudumu wa afya, ambao kwa miaka mingi tumewaambia wazazi sentensi moja tu, "Hii ni ya macho." Sentensi hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya habari.

MACHO YALITUPUMBAZA

Vitamini A iligunduliwa mwaka wa 1913 nchini Marekani na watafiti McCollum na Davis wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na kwa wakati huo huo na wenzao Osborne na Mendel. Waliona kwamba panya waliolishwa chakula kisicho na mafuta ya aina fulani, kama vile siagi, walidumaa. Pia macho yao yaliharibika. Kwa kuwa jicho ni kiungo ambacho kila mtu anaweza kukitazama, sifa ya vitamini hii ikajengwa juu ya macho. Mtoto aliyepungukiwa nayo hushindwa kuona jioni giza linapoingia, halafu macho hukauka, na hatimaye kioo cha jicho huoza.

Hata hivyo tangu mapema wapo walioona zaidi ya hapo. Mwaka wa 1925 Wolbach na Howe, waliokuwa wakichunguza panya huko huko Marekani, walionyesha kwamba bila vitamini A ngozi laini ya ndani ya koo, mapafu na mkojo hukauka na kuwa ngumu kama ngozi ya kisigino. Mwaka wa 1928 Green na Mellanby nchini Uingereza waliiita vitamini ya kupambana na maambukizi, kwa sababu wanyama wao waliokosa vitamini hii walikufa kwa majipu na usaha mwilini kabla ya kufa kwa jambo lingine lolote.

Kisha mwaka wa 1932 daktari mmoja wa London, Joseph Ellison, aliwagawa watoto 600 waliolazwa kwa ukambi katika makundi mawili. Watoto 300 walipewa dawa yenye vitamini A, na 300 hawakupewa. Katika kundi la kwanza walikufa 11. Katika kundi la pili walikufa 26.

Msomaji, habari kama hiyo ingetosha kubadilisha tiba ya ukambi duniani kote. Haikufanya hivyo. Punde dawa za kuua vijidudu zikaingia sokoni, kila mtu akazikimbilia, na utafiti wa Ellison ukasahauliwa kwa nusu karne.

Aliyeufufua mjadala ni daktari wa macho, Mmarekani Alfred Sommer, aliyekuwa akifanya kazi Indonesia. Alipozipitia hesabu zake aligundua kwamba watoto wenye dalili ndogo tu za upungufu wa vitamini A machoni walikuwa wakifa kwa wingi kuliko wenzao wa kijiji kimoja. Kilichowaua si macho. Kilichowaua ni kuhara, kichomi na ukambi. Mwaka wa 1986 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio katika vijiji 450 vya jimbo la Aceh: vijiji vilivyopewa vitamini A vilikuwa na upungufu wa vifo vya watoto wa takriban theluthi moja.

Wengi hawakuamini. Ndipo ushahidi mwingine ukatokea hapa kwetu Afrika Mashariki.

MVUMI, KARIBU NA DODOMA

Katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, madaktari Barclay na Foster wakishirikiana na Sommer walirudia jambo la Ellison. Watoto 180 waliolazwa kwa ukambi waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata tiba ya kawaida, ila nusu yao waliongezewa vitamini A kwa mdomo, yuniti 200,000 siku ya kwanza na kiasi hicho hicho siku ya pili. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1987 katika jarida la madaktari wa Uingereza.

Kati ya watoto 92 ambao hawakuongezewa, 12 walifariki. Kati ya 88 walioongezewa, walifariki 6. Tofauti hiyo kwa watoto wa kila umri ilikuwa bado ndogo kiasi cha kuweza kudhaniwa ni bahati. Lakini watazame wale wa chini ya miaka miwili: wasioongezewa walikufa 7 kati ya 42, na walioongezewa akafa mmoja tu kati ya 46. Hapo mwenye shaka hunyamaza. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1990, Hussey na Klein walileta habari kama hiyo kutoka Cape Town: vifo 10 kati ya watoto 97 upande mmoja, na vifo 2 kati ya 92 upande wa pili.

Tangu 1987 Shirika la Afya Duniani na lile la watoto, UNICEF, yamekuwa yakihimiza vitamini A katika tiba ya ukambi, na leo agizo ni kwamba kila mtoto mwenye ukambi apewe dozi mbili, siku mbili mfululizo. Kwa hiyo ukilazwa na mtoto mwenye ukambi, una haki ya kumuuliza mhudumu, "Je, mtoto amepata vitamini A?" Swali hilo si utovu wa adabu.

KURUTI WASIOFUZU

Basi ni vipi tone la mafuta linaweza kumwokoa mtoto kutokana na kichomi? Jibu limekuwa likifumbuliwa hatua kwa hatua, na ndilo sehemu ambayo ningependa kila mzazi aielewe.

Kinga ya mwili hutegemea chembechembe nyeupe za damu. Zinazaliwa katika uboho, ule utelezi ulio ndani ya mifupa. Zinapozaliwa haziwezi kazi yoyote. Ni kama vijana waliochukuliwa kuwa polisi na kupelekwa Kiganjo: wana nguvu na wana hamu, lakini ukiwakabidhi bunduki siku ya kwanza watajiumiza wenyewe. Ni lazima wapitie mafunzo, wafuzu, kisha wapewe barua ya kuonyesha kituo watakachohudumu.

Vitamini A inahusika katika mafunzo na pia katika barua ile. Mwilini hugeuzwa kuwa asidi iitwayo asidi ya retinoiki. Asidi hii huingia mpaka kwenye kiini cha seli na kukamatana na kipokezi maalumu, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli, na kuwasha au kuzima maagizo yaliyoandikwa katika jeni. Kipokezi hicho kiligunduliwa mwaka wa 1987 na makundi mawili, la Pierre Chambon huko Strasbourg, Ufaransa, na la Ronald Evans huko California. Kwa hiyo vitamini A haifanyi kazi kama chakula cha kutia nguvu tu. Inatoa amri.

Amri zenyewe ni zipi? Mwaka wa 2004 watafiti wakiongozwa na Makoto Iwata wa Japani walionyesha kwamba seli za doria zilizo katika utumbo hutumia vitamini A kutengeneza asidi ile, na kwa njia hiyo kuzipiga muhuri chembechembe za kinga ziitwazo seli T. Muhuri huo ndio unaoziwezesha kujua kwamba kituo chao cha kazi ni utumboni. Bila muhuri zinazunguka katika damu kama askari asiyejua amepangiwa wapi. Mwaka wa 2006 ilidhihirika kwamba seli B, zile zinazotengeneza silaha za kinga, nazo zinahitaji asidi hiyo hiyo ili zikae utumboni na kumwaga aina ya silaha inayolinda kuta zake. Mwaka uliofuata, ikaonekana kwamba inasaidia kuzalisha seli za kutuliza ghasia, zinazozuia kinga isiushambulie mwili wenyewe au chakula tunachokula.

Zingatia mahali ambapo kazi hiyo inafanyika. Ni utumboni na kwenye kuta nyingine laini za ndani, yaani pale pale ambapo vijidudu vya kuhara vinaingilia. Mtoto mwenye upungufu ana hasara mbili: ukuta wake umekauka na kupasuka, na askari waliopaswa kuulinda hawakuletwa.

Kuna jambo jingine linalowahusu akina mama wajawazito. Mwaka wa 2014 watafiti wa Ulaya walionyesha katika panya kwamba vitamini A anayokula mama mwenye mimba huamua ukubwa wa vituo vya kinga vya mtoto aliye tumboni, na kwamba upungufu wa wakati huo humfuata mtoto hata akishakuwa mkubwa. Panya si binadamu. Hata hivyo, ni onyo la kutosha kwamba sahani ya mama haifai kupuuzwa.

USHAHIDI KUTOKA SHANGHAI

Ukitaka kuona kwa macho jinsi vitamini A inavyozikomaza seli za kinga, tazama yaliyotokea Shanghai, China. Kuna aina ya saratani ya damu ambayo chembechembe nyeupe changa hukwama katikati ya makuzi yake. Hazikomai wala hazifi, zinaongezeka tu mpaka zinaujaza uboho wote. Zamani ilikuwa miongoni mwa saratani zinazoua haraka sana.

Katikati ya miaka ya 1980, Profesa Wang Zhenyi alimpa mtoto wa kike wa miaka mitano aliyekuwa na ugonjwa huo dawa iliyotokana na vitamini A, ile asidi ya retinoiki. Hakukusudia kuziua seli zile. Alitaka zikomae. Zikakomaa, na mtoto akapona. Mwaka wa 1988 yeye na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 24, na karibu wote ugonjwa ulikuwa umetoweka katika damu yao. Baadaye ikajulikana kwamba katika saratani hiyo kilichoharibika ni kile kile kipokezi cha asidi ya retinoiki. Kufuli lilikuwa bovu, na dawa ilikuwa ufunguo mwingi kiasi cha kulilazimisha lifunguke.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba matone ya kliniki yanatibu saratani. Ninachosema ni kwamba hakuna mfano ulio wazi zaidi ya huo wa kuonyesha kwamba seli za kinga zisipoipata amri hii hazikui.

UKAMBI HUIBA MARA MBILI

Ukambi na upungufu wa vitamini A ni marafiki wabaya. Mtoto aliyepungukiwa huugua ukambi vibaya zaidi. Naye ukambi, kwa homa yake na kuhara kwake, humaliza vitamini A haraka. Nyingine hupotea katika mkojo, na utumbo uliojeruhiwa hushindwa kufyonza mpya. Ndiyo maana mtoto anaweza kuonekana amepona ukambi, kisha wiki chache baadaye akaja na kichomi kibaya au macho yaliyoharibika.

Zaidi ya hayo, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 ulithibitisha kwamba kirusi cha ukambi hufuta kumbukumbu za kinga. Mwili husahau vijidudu ambavyo ulikuwa umeshajifunza kupigana navyo. Mtoto huyo inabidi aanze masomo upya, na kama ghala la vitamini A ni tupu, mafunzo mapya yatakwama. Chanjo huzuia wizi huo usitokee. Vitamini A hupunguza hasara pale ulipotokea. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Nalisisitiza hilo kwa sababu ya yaliyotokea Texas, Marekani, mwaka wa 2025. Ukambi ulizuka miongoni mwa watu wasiochanjwa. Habari zilipoenea kwamba vitamini A husaidia, baadhi ya wazazi wakaanza kuwanywesha watoto mafuta ya samaki na vidonge kila siku badala ya kuwapeleka kuchanjwa. Hospitali moja ya mji wa Lubbock ikapokea watoto ambao maini yao yalionyesha dalili za sumu ya vitamini A iliyozidi. Watoto wawili wasiochanjwa walifariki kwa ukambi katika mlipuko huo.

ZIKIZIDI NI SUMU

Vitamini A huhifadhiwa kwenye ini. Akiba haiozi, walisema wahenga, na ndiyo maana dozi moja kubwa inaweza kumtosha mtoto kwa miezi minne hadi sita. Lakini ghala hilo lina ukomo. Likifurika, mtoto hutapika, huumwa na kichwa, ngozi hubanduka, ini huharibika na mifupa huuma.

Sisi Wakenya tuna ushahidi wa kale huenda kuliko mtu yeyote. Katika Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, yalipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1970 mabaki ya mwanamke wa jamii ya watu wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 1.7 iliyopita. Mifupa yake ilikuwa imevimba kwa tabaka la mfupa usio wa kawaida. Mwaka wa 1982 Alan Walker, Richard Leakey na mwenzao walitoa maelezo kwamba huenda alikula maini mengi ya wanyama wala nyama, yenye vitamini A nyingi kupita kiasi. Wapo wataalamu wanaotoa maelezo mengine, lakini ugonjwa wenyewe wa kuzidi kwa vitamini A ni wa kweli, na hospitalini unajulikana.

Basi yakumbuke haya. Mjamzito asimeze vidonge vya dozi kubwa vya vitamini A, kwa sababu vinaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Kiasi kisizidi yuniti 10,000 kwa siku, na hata maini asiyale kila siku. Mtoto aliyepata matone kliniki leo, usimpe tena sharubati yenye vitamini A nyingi kesho. Soma karatasi ya chupa, au iulize.

Na mtoto mchanga? Swali hilo lilichunguzwa Tanzania. Watafiti wakiongozwa na Honorati Masanja wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walifuatilia watoto wachanga karibu 32,000 katika Dar es Salaam na Morogoro, na mwaka wa 2015 wakatangaza kwamba kuwapa vitamini A siku za kwanza za maisha hakukupunguza vifo. Ndiyo sababu matone huanza miezi sita, si mapema.

Vilevile sitaki kuyapamba matone haya kupita kiasi. Theluthi moja ya vifo iliyookolewa Aceh haijarudiwa kila mahali. Majaribio makubwa kuliko yote, yaliyofanyika kaskazini mwa India na kuchapishwa mwaka wa 2013, yaliona faida ndogo sana. Lakini ukiyajumlisha majaribio 19 yenye watoto zaidi ya milioni 1.2, kama walivyofanya wapimaji wa Cochrane mwaka wa 2017, unapata kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 12. Nitajie sharubati moja ya dukani yenye ushahidi wa namna hiyo.

SAHANI YA KITENGELA

Wako watakaosema kwamba chakula kinatosha. Laiti ingekuwa hivyo kwa kila nyumba. Hapa Kajiado wazee wa Kimaasai waliwakuza watoto wao kwa maziwa yenye mafuta na samli, na ndani yake mlikuwa na vitamini A tayari kwa kutumiwa. Leo ukame huangamiza mifugo, kama tulivyoona kati ya 2020 na 2023. Mashamba ya malisho yamekatwakatwa kuwa ploti. Mtoto wa nyumba ya kupanga hapa Kitengela hunywa chai yenye maziwa kidogo, hula mandazi asubuhi na ugali jioni, na baba akipata mshahara huletewa chipsi.

Hata hivyo huhitaji kuwa tajiri ili umlishe vizuri. Maini ya ng'ombe ndiyo yanayoongoza. Kipande cha gramu 50 kina vitamini A ya kumtosha mtoto mdogo kwa wiki nzima, kwa hiyo mara moja kwa wiki inatosha. Mayai na maziwa yasiyoondolewa mafuta yanafuata. Halafu kuna vyakula vyenye betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A: karoti, boga, embe, papai, na mboga za kijani kama sukuma wiki, mchicha, managu na majani ya kunde. Ndugu zetu wa mashariki mwa Kongo wana mawese, mafuta mekundu yaliyojaa betakarotini.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina nafasi ya pekee. Mwaka wa 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa Maria Andrade, Jan Low, Robert Mwanga wa Uganda na Howarth Bouis, kwa kazi ya kuvikuza na kuvieneza vyakula vyenye virutubisho kama viazi hivi. Ukiviona sokoni, usivipite. Kiazi cheupe kinashibisha, lakini hakina rangi hiyo inayobeba vitamini.

Kuna siri mbili za jikoni. Ya kwanza, vitamini A husafiri kwa mafuta. Sukuma wiki iliyochemshwa bila tone la mafuta humpotezea mtoto sehemu kubwa ya faida. Ya pili, mwili unahitaji takriban sehemu 12 za betakarotini ya mboga kupata sehemu moja ya vitamini A yenyewe, kwa hiyo vijiko viwili vya mboga pembeni ya mlima wa ugali havifiki mbali.

Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia na unga uliosagwa viwandani viongezwe vitamini A. Ni hatua nzuri. Lakini jua na hewa huiharibu vitamini hii, na mafuta ya kupimiwa yaliyokaa juani kibandani siyawekei dhamana. Unga wa posho mill, ulio mwingi katika mitaa yetu, kwa kawaida hauongezwi chochote.

NANI AFANYE NINI

Ninatoa rai kwa watu wanne.

Kwanza, kwa mzazi. Wiki za Malezi Bora hufanyika kila mwaka mwezi wa Mei na Novemba. Zifanye kuwa tarehe zako za kudumu, kama unavyoijua tarehe ya kodi ya nyumba. Kidonge cha buluu cha yuniti 100,000 ni cha mtoto wa miezi sita hadi 11. Chekundu cha yuniti 200,000 ni cha mwaka mmoja kwenda juu. Muuguzi hukata ncha na kukamulia matone mdomoni. Hakuna sindano, na katika vituo vya umma hulipi chochote. Hakikisha tarehe imeandikwa kijitabuni, ili asipewe mara mbili wala asirukwe.

Pili, kwa wenye shule za chekechea, ambazo Kitengela zimejaa kila barabara. Watoto wa miaka miwili hadi mitano hawako kliniki tena. Wako kwenu. Fungueni milango kwa wahudumu wa afya mara mbili kwa mwaka, na mwombeni kila mzazi aje na kijitabu siku ya kumwandikisha mtoto. Asubuhi moja inatosha kuwafikia watoto wote wa shule.

Tatu, kwa serikali ya kaunti na ile ya taifa. Mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa nchini na kupewa mikoba ya kazi. Hawa ndio wanaojua nyumba ipi ina mtoto wa miaka mitatu. Wapeni orodha, na wapeni vidonge vya kutosha. Tena tusisahau kwamba vidonge vingi vya vitamini A duniani hulipiwa na wafadhili, hasa serikali ya Kanada. Misaada ya afya imeanza kupungua, na kitu cha bei nafuu namna hii hakifai kungoja hisani ya wageni. Kitengewe fedha katika bajeti yetu.

Nne, kwa wenzangu wa maduka ya dawa na wa zahanati. Mzazi akija kutafuta cha kuongeza kinga, swali letu la kwanza liwe, "Kijitabu kiko wapi?" Tutapoteza mauzo ya chupa moja, lakini tutakuwa tumefanya kazi tuliyoisomea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe katika kinga ya watoto wetu tunaujua, unaanzia mwezi wa 18 na kuishia mwaka wa tano. Basi ile hesabu niliyokuomba mwanzoni, imetoka ngapi? Kama mtoto ana miaka mitatu na tarehe zilizoandikwa ni tatu, usijilaumu wala usijaribu kumpa zote kwa pamoja. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu wiki hii, apate moja, kisha uhesabu miezi sita.